Pua Mbele ya Vidole

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Minneapolis. Wengi mlikuwa zamu, wengine theluji iliwafungia barabara, mkaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Mashine yenyewe iligoma katikati, kwa hiyo hamjakosa kitu.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo? Na nyie vijana mliojipanga kule nyuma karibu na masufuria, nawaona. Harufu ya pilau hata mimi naisikia, kwa hiyo sitawaweka sana.

Mwenyekiti kanitambulisha kwa jina la "mama wa skii". Ahsante mwenyekiti. Siku nilipopata cheti cha kufundisha skii nilimpigia simu mama yangu, Tanga. Nikamwambia, mama, nimefaulu, sasa mimi ni mwalimu wa kufundisha watu kuteleza kwenye theluji. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza taratibu, "Yaani watu wanakulipa uwafundishe kuteleza?" Ndiyo, mama. "Mbona huku mvua ikinyesha wanateleza bure?"

Chekeni tu. Hata mimi nilicheka. Lakini wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na nimeishi na methali hiyo nikidhani ni maneno ya kumfariji mtu. Kumbe kuna watu wameifanya kazi, wakaiwekea mtihani, na mtihani wenyewe una watahini wanaokusimamia mlimani na daftari mkononi.

Sasa niwaulize. Nani humu ndani ameishi Minnesota zaidi ya miaka mitano? Inueni mikono. Karibu wote. Haya, nani amewahi kuvaa skii miguuni, vile vibao virefu vyembamba vya kutelezea? Naona mikono saba, na mitano kati yake ni ya watoto. Ndugu zangu, hesabu hiyo haiwashangazi? Karibu nusu ya mwaka tunaishi ndani ya kitu hiki. Tunakikwangua kwenye vioo vya magari, tunakichota kwa koleo alfajiri, tunakitukana kwa kila lugha tuliyokuja nayo. Na hatujawahi kucheza nacho hata siku moja!

Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Binti yangu alipokuwa darasa la nne shule yao iliwapeleka kilimani, wakaomba wazazi wa kuwasindikiza. Nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanda basi la wanafunzi, nikakaa ndani ya jengo la kupumzikia na kikombe cha chokoleti ya moto hadi jioni. Mwaka uliofuata vilevile. Mwaka wa tatu mtoto akaja mezani, kofia ngumu kichwani, mashavu mekundu kwa baridi, akaniuliza kwa Kiswahili ili wenzake wasisikie: "Mama, wewe ni mwoga?"

Nikajibu nini? Nilikwenda kukodi skii.

Nilivaa soksi jozi tatu. Naomba mlikumbuke jambo hilo la soksi, tutalirudia. Mabuti ya skii ni plastiki ngumu kama ndoo, yanakufunga hadi juu ya kifundo, na ukiyavaa mara ya kwanza unatembea kama mtu aliyepigwa plasta miguu yote miwili. Mwalimu niliyepangiwa alikuwa mzee mstaafu, ndevu zimeganda. Hakuniambia habari za ujasiri. Alivua skii zake mwenyewe, akasimama mbele yangu, akashika ncha za skii zangu kwa mikono, akaanza kutembea kinyumenyume akishuka nami, hatua kwa hatua, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Mita kumi tu. Mteremko wenyewe ungeweza kuumwagia maji yakafikiria mara mbili kabla ya kuteremka. Lakini mimi moyo ulikuwa kooni, na yule mzee alikuwa ananitazama usoni, hakutazama miguu yangu hata kidogo.

Nilipofika chini sikusema nataka kuteleza tena. Nilisema nataka kufanya kazi anayofanya huyu.

Jambo la kwanza, basi. Mtu husema, "Mama, hii si michezo yetu." Nani kawaambia? Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa Bonde la Ufa, alisimama Nagano, Japani, mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, kilomita kumi juu ya skii. Alikuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa! Lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki pale kwenye utepe akimngoja, na alipofika akamkumbatia. Boit aliporudi nyumbani akampa mwanawe jina Dæhlie. Ila nisahihishe kitu hapa, maana kila nikizungumza mtu ananitajia Boit: yeye aliteleza skii za nyika, zile ambazo kisigino kiko huru na unajisukuma kwa nguvu zako. Ninayofundisha mimi ni ya kushuka mlima, kisigino kimefungwa, na nguvu inatoka kwenye mteremko. Wa upande huo mtafuteni Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, katika mbio za kushuka mlima. Kilifi, ndugu zangu! Kwenye minazi.

Na kama mnadhani lazima uzaliwe chini ya mlima mkubwa, wangapi mnapita barabara ya I-35 kwenda kazini kupitia Burnsville? Kile kilima kando ya barabara, Buck Hill, hakifiki hata mita 100 kutoka chini hadi juu. Unashuka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Lindsey Vonn, aliyezaliwa St. Paul hapa, alikulia pale, kwa kocha Mwaustria Erich Sailer, akizunguka na kuzunguka, lifti juu, skii chini, usiku kwa taa za umeme. Mwaka 2010, kwenye Olimpiki ya Vancouver, Kanada, akachukua dhahabu ya mbio za kushuka. Kilima kidogo kina faida yake: unapata zamu nyingi. Mwenye mlima mkubwa anateleza mara nane kwa siku, wewe unateleza mara hamsini.

Kuna aliyeniuliza juzi habari ya nduguye aliye Dubai. Mwambie aende Ski Dubai, ile iliyo ndani ya jengo la maduka tangu mwaka 2005. Mteremko mrefu kabisa ni mita 400, baridi ya friji, nje jua la jangwani. Mghana Kwame Nkrumah-Acheampong alianza kwenye ukumbi wa namna hiyo Milton Keynes, Uingereza, alikokuwa akipokea wageni mapokezi, na akafika Olimpiki ya Vancouver. Kwa hiyo hoja ya "si yetu" naomba tuiache mlangoni pamoja na viatu.

Jambo la pili ni cheti chenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi mnakielewa kinyume.

Mnadhani unasoma kwanza, unapata cheti, kisha unaomba kazi. Hapa Marekani kwenye skii mambo yamegeuzwa. Unaomba kazi kwanza. Mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla theluji haijakaa, vilima vinatafuta walimu wa msimu, na vingi vinachukua mtu anayeteleza wastani tu ilimradi anaongea na watu vizuri na anafika kwa wakati. Wanakufundisha wenyewe siku kadhaa, wanakuvisha koti la sare, wanakupa watoto wa miaka sita. Ndipo unajiunga na chama cha walimu wa skii wa Marekani, kwa kifupi PSIA, kilichoanzishwa mwaka 1961 Whitefish, Montana. Chama ndicho kinachotahini. Ngazi ni tatu. Ya kwanza inasema unaweza kumfundisha anayeanza. Ya pili inakupeleka kwa wale wa kati. Ya tatu ni ya watu ambao wakishuka unaona aibu kuwa ulivaa skii siku hiyo. Umri wa chini kwa ngazi ya kwanza ni miaka 16, kwa hiyo nyie wa kule nyuma msijifanye hamsikii.

Hakuna sheria ya nchi hapa inayosema lazima uwe na cheti. Ufaransa ni tofauti: kufundisha skii kwa malipo bila diploma inayotambuliwa na serikali ni kosa, utakutana na mahakama. Wenye ndugu Calgary, Kanada, kule kuna chama chao cha tangu 1938, na ngazi zao ni nne. Ya kwanza unaipata kwa kozi ya siku chache mlimani.

Sasa mtihani unapima nini? Mambo matatu. Watu, ufundishaji, na ufundi wa mwili. Nimeyataja kwa mpangilio huo makusudi.

Ufundi tuumalize haraka. Kuna misingi mitano, imeandikwa kwa lugha nzito, lakini ukiipepeta inabaki hivi: simama katikati ya skii zako, usilale nyuma wala mbele mno, ukikata kona, uzito uende mguu wa nje, laza skii ubavuni ili makali ya chuma yashike theluji, zungusha miguu na si mabega, na magoti yapokee mashimo kama springi za gari. Basi.

Msingi wa pili, ule wa mguu wa nje, huwatesa watu. Unakata kona kulia halafu unaambiwa ukanyage mguu wa kushoto. Kwa nini? Niambieni, mmewahi kusimama kwenye daladala iliyojaa, dereva ana haraka, anakata kona kulia? Mwili unakwenda wapi? Kushoto! Na unajizuia na mguu upi? Wa kushoto. Hamkufundishwa na mtu. Konda wa daladala, yule anayening'inia mlangoni na noti kati ya vidole, anaijua fizikia hii kuliko vitabu vyote nilivyopewa. Siku ya kwanza nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu kwenye lifti ya viti hadi jirani yangu akasogea.

Mfumo wenyewe wa kufundisha kwa ngazi una mwenyewe, na habari yake inawahusu nyie kuliko mnavyodhani. Hannes Schneider, Mwaustria wa milima ya Arlberg, alizaliwa 1890. Zamani kila mtu aliteleza anavyojua. Yeye akiwa St. Anton akapanga watu kwa madaraja kama shule: wanaoanza huku, wanaojua kidogo kule, na kila daraja na zoezi lake, kutoka kuzifungua skii nyuma na kubana ncha mbele hadi kuziweka sambamba. Mnaona leo watoto wakishuka kilimani kwa mistari nyuma ya mwalimu? Hiyo ni kazi ya mikono yake. Mwaka 1938 Hitler akaimeza Austria, Schneider akatiwa ndani, maana hakuwapenda Wanazi nao hawakumpenda. Mwaka 1939 akafika mji mdogo wa North Conway, New Hampshire, na mkewe na watoto. Watoto wa shule walijipanga stesheni ya treni, wakainua fimbo zao za skii juu zikakutana kama tao, akapita chini yake.

Mtu ambaye mfumo wake nilitahiniwa nao alifika nchi hii kwa sababu kwao hapakukalika. Wazee wangu wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Uvira, niendelee au mmeshanielewa?

Jambo la tatu ndilo lililonileta hapa leo. Nilifeli.

Ndiyo, nilifeli mara ya kwanza, na si kwa kuteleza. Kuteleza nilipita. Nilifeli kufundisha. Unapewa kikundi, wenzako watahiniwa wanajifanya wanafunzi wako, unaambiwa wafundishe kona ya kwanza. Mimi mtoto wa Tanga, naanza kazi bila salamu? Nikawasalimu mmoja mmoja. Nikawauliza wametoka wapi. Nikawaeleza uzito, makali, mteremko, mkondo wa maji, yaani ile njia ambayo maji yangeifuata ukiyamwaga. Nikatoa na mfano wa daladala, nikaueleza daladala ni nini. Mwenzangu mmoja akaanza kupiga miguu chini kwa baridi. Mtahini akatazama saa. Alipokuja kunipa majibu alikuwa mpole, na upole wake uliniuma zaidi: "Umesema mengi mazuri. Hakuna aliyeteleza."

Hakuna aliyeteleza! Maneno matamu, watu wameganda. Wangapi humu tunafundisha watoto wetu hivyo hivyo? Haya, tuyaache hayo, si siku yake.

Nilirudi kazini nimevunjika moyo. Kazi yangu mnaijua, na nusu ya akina mama humu ni kazi yenu pia: kuwainua wazee kutoka kitandani, kuwakalisha, kuwaogesha, kuwasimamisha. Kulikuwa na bibi mmoja aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Kila tukimsimamisha anajivuta nyuma. Tunamwambia bibi usiogope, anazidi kujivuta, mpaka anarudi kitini puu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaja, akachuchumaa mbele yake, akasema maneno machache tu: pua mbele ya vidole. Ilete pua yako iwe mbele ya vidole vya miguu. Bibi akainama kidogo, pua ikafika, makalio yakainuka yenyewe. Akasimama.

Nilibaki nimeshika mkanda wa bibi, nikamwona kila mwanafunzi wangu wa skii.

Kwa sababu mtu anayeogopa kuanguka hulala nyuma. Mzee wa miaka 80 hulala nyuma, mtoto wa miaka sita hulala nyuma, mhandisi wa miaka 40 mwenye digrii mbili hulala nyuma. Anakimbia mteremko kwa mgongo. Na kwenye skii, ukilala nyuma, uzito unahamia kwenye mikia, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, hazikusikii tena. Skii zisipokusikia zinakwenda zinakotaka, na zinataka chini. Kasi inazidi, woga unazidi, unalala nyuma zaidi. Unajikinga na kile kile unachokileta! Dawa ni kumleta mtu mbele, ugoko ulalie ulimi wa buti, mikono uione mbele ya macho. Lakini humleti kwa hotuba. Unamleta kwa maneno machache na kwa kumpeleka mahali ambapo mwili wake utakubali kuyasikia.

Msimu uliofuata nikarudi kutahiniwa. Tulisimama chini ya mteremko, mtahini akanionyesha mtu tusiyemjua, anashuka. "Unaona nini?" Nikasema: mikono iko nyuma ya nyonga, buti halijapinda mbele, ncha za skii zinarukaruka. "Kwa nini?" Kona mbili za kwanza alikuwa sawa, ya tatu ndipo mteremko unapokaza, ameogopa pale. "Kwa hiyo utamwambia nini?" Nikasema, simwambii kitu. Nampeleka kilima cha chini zaidi kwanza.

Akaandika. Sikujua ameandika nini hadi saa kumi jioni walipotuita majina na kutugawia pini, kidude kidogo cha kubana kwenye koti. Hiki hapa. Njooni mkione baadaye, msikiangushe kwenye pilau.

Mnanielewa ninakokwenda? Mnaowainua wazee usiku. Mnaofundisha Qur'ani watoto Jumamosi, mnaofundisha shule ya Jumapili. Mnaomshika mtu mkono akijifunza kuendesha gari kwenye maegesho ya duka, mguu wenu nao unakanyaga breki isiyokuwepo. Sehemu kubwa ya mtihani ule mmeshaifanya, mkalipwa kidogo, na hakuna aliyewapa pini.

Na lugha nayo ni kitendea kazi. Hapa walimu huwaambia watoto watengeneze "pizza" ili kupunguza mwendo: ncha za skii pamoja, mikia mbali. Wakitaka kwenda, "chipsi", skii sambamba. Mwaka jana nilimpata mama mmoja wa Bujumbura, miaka 58, kavaa kitenge juu ya suruali ya theluji, wajukuu wanamtazama kutoka kwenye uzio. Pizza haikumwambia kitu. Nikamwambia, mama, tengeneza sambusa. Akanitazama. Akatazama miguu yake. Akaitengeneza sambusa nzuri, pembe tatu safi, akashuka mita ishirini bila kuanguka na akasimama mwenyewe. Akaniuliza, "Na nikitaka kusimama upesi?" Sambusa kubwa, mama! Tangu siku hiyo hata watoto wa Kizungu kwenye darasa langu wanapiga kelele "sambusa" wakikaribia zulia. Zulia ni ule mkanda wa mpira unaowapandisha juu, kama wa mizigo uwanja wa ndege.

Usalama nitaupitia mbio, lakini usikieni. Vilima vya hapa vina kanuni ya wajibu, ilirekebishwa mwaka 2022 ikawa na vipengele kumi. Mkubwa wao: aliye mbele yako, chini yako, ndiye mwenye haki. Wewe wa juu unamwona, yeye hakuoni. Ukimgonga, kosa ni lako. Ni kinyume na ile stendi ya zamani ya Ubungo, ambako wa nyuma akipiga honi wa mbele alikimbia. Pili, alama: duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi waachieni wenyewe. Tatu, kidole gumba. Nilianguka nimeshika fimbo, mkono ndani ya kamba yake, gumba likavutwa nje, nikafungwa bendeji wiki kadhaa, na kazini siwezi hata kufungua chupa ya dawa. Kwa hiyo wanafunzi wanaoanza siwapi fimbo kabisa. Hawazihitaji, wanaziangukia tu.

Mnataka kujua pesa. Naona mzee mmoja amekaa vizuri.

Sitawadanganya. Hautajenga Kigamboni kwa pesa ya skii. Msimu wa hapa ni Desemba hadi Machi hivi, malipo ni ya saa, na vilima vingi vinakulipa saa ulizofundisha. Siku ya baridi kali isiyokuja watu unakaa unakunywa chai. Ada ya chama unalipa kila mwaka, mtihani unalipia. Unachopata ni pasi ya lifti bure, punguzo la vifaa, na mara nyingi watoto wako wanateleza bure au kwa bei ndogo, na hilo kwa familia ya watoto wanne ni pesa. Mimi zamu zangu za usiku sijaziacha. Wenye viza za wanafunzi, tafadhali, nendeni ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwenu kabla hamjapokea hata senti moja. Msiniletee matatizo ya uhamiaji kwa sababu ya sambusa.

Na mtakutana na watu. Msimu wangu wa kwanza, kilima sikitaji, nilifika na koti la sare mkononi, msimamizi mmoja akanionyesha kabati la mafagio. Sikugombana naye. Nililivaa koti mbele yake, nikafunga zipu hadi kidevuni, nikamuuliza watoto wangu wako wapi. Ilinichukua siku nyingi kuacha kuisimulia hadithi hiyo kwa hasira, na hata leo sina uhakika nimeacha.

Dada mmoja kauliza kabla sijapanda hapa: ukubwani mtu anaweza? Mimi nilivaa skii mara ya kwanza nina miaka 38. Nikuambie siri. Aliyeteleza tangu ana miaka mitatu hajui anavyofanya. Mwulize unakataje kona, atakuambia "unageuka tu". Mimi nakumbuka kila mfupa. Nakumbuka ni siku gani goti la kushoto lilianza kutii, nakumbuka nilikuwa nafikiria nini. Mwanafunzi akikwama, mimi nilikwama hapo hapo mwaka juzi, bado kuna alama yangu kwenye theluji.

Basi. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, saa tatu ya Kiswahili na ya kweli, si ya harusini. Nitakuwa kwenye maegesho nimevaa koti jekundu. Nafasi kumi na mbili, majina kwa katibu, watoto waje na mzazi. Suruali ya jinzi hapana, inanyonya maji na kuganda. Glavu zisizopitisha maji, kofia ngumu tutakodi.

Na soksi. Jozi moja. Ndefu, nyembamba, ya sufu ukipata. Jozi moja tu, mama, hata ukiniona nimevaa kofia mbili. Ukijaza soksi buti linabana, damu haifiki kwenye vidole, na miguu inaganda haraka kuliko ya aliyevaa moja. Mimi na zangu tatu, ile siku ya kwanza, nilivua mabuti nikakuta vidole vyeupe kama mihogo iliyomenywa, binti yangu akavishika katikati ya viganja vyake akavipulizia mpaka tukasikia basi la shule linapiga honi.

Mwenyekiti, nimemaliza. Pilau lisipoe.